Uyoga wa mfuko ni mboga ya mpangaji, tusiuuze kama utajiri

Mpangaji wa mjini hana shamba. Ana chumba kimoja au viwili, ua anaotumia pamoja na wapangaji wenzake, na kibaraza chembamba ambacho mvua ikinyesha hujaa nguo za nyumba nzima. Mchicha ananunua, nyanya ananunua, na hata limao la chai ya mgonjwa ananunua. Mtu wa namna hii akiambiwa alime, anaona anaambiwa habari za watu wengine.

Mimi ni mpangaji wa namna hiyo. Ni mwalimu wa shule ya msingi, nimepanga Kihonda hapa Morogoro, na kwa muda sasa familia yangu imekuwa ikila uyoga nilioukuza mwenyewe kwenye mifuko ya nailoni iliyoning'inia kwenye kijistoo nyuma ya jiko. Sina banda wala kisima, na mbolea sijawahi kununua. Nilinunua mfuko uliokwisha kupandwa, nikaupa kivuli, maji na hewa, nikavuna. Naandika kuutetea mfuko huo, kwa sababu naona unaharibiwa jina na watu wanaoutumia kuuza ndoto.

Siku hizi ukitamka uyoga mbele ya kijana asiye na kazi, mazungumzo yanahamia kwenye mamilioni. Atakutajia semina ya kiingilio, kundi la simu lenye picha za mabanda meupe, na mtu anayeahidi kununua mavuno yote. Mboga inayotosha kuibadilisha sahani ya mpangaji imefanywa tiketi ya bahati nasibu. Bahati inapokosekana, mtu hautupi mfuko peke yake, anautupa na uyoga wenyewe. Ukimtajia tena anasema: "Hayo mambo nilishayajaribu, ni uongo." Uyoga si uongo. Uongo ni ahadi zilizofungwa pamoja nao.

Tuanze na mfuko wenyewe ulivyo. Uyoga unaouzwa hivi kwetu ni mamama, ule wenye kofia pana laini na miguu mifupi inayotoka pamoja kwenye shina moja. Chakula chake ni mabaki makavu ya mimea: majani ya mpunga, mabua ya mahindi, majani ya migomba, maganda ya mbegu za pamba. Mtengenezaji huyakatakata, huyaloweka, kisha huyachemsha au kuyapika kwa mvuke kwenye pipa ili kuua vimelea vingine vinavyopenda chakula hichohicho. Yakipoa huyapakia kwenye mfuko kwa tabaka, na kila tabaka hulinyunyizia mbegu, yaani punje za mtama au ngano zilizooteshwa utando wa uyoga maabara. Mfuko hufungwa na kuwekwa mahali penye giza. Kwa wiki mbili hadi nne utando mweupe husambaa ndani mpaka majani yote yafunikwe. Sehemu yote ngumu ya kazi inaishia hapo, na hapo ndipo mpangaji anapopaswa kuingia.

Nasisitiza hili kwa sababu wauzaji wengi wa semina humtaka mtu aanzie kwenye pipa. Mwenye chumba kimoja cha kupanga atachemshia wapi pipa la lita 200, na kuni au mkaa wa saa kadhaa autoe wapi? Akichemsha kwa sufuria moja moja na kupoza majani uani penye vumbi na kuku, ukungu wa kijani utawahi kuingia kabla ya utando wa uyoga, na mfuko utakuwa umekufa bado mbichi. Kupika majani na kupanda mbegu ni kazi ya mtu mwenye nafasi, vifaa na mazoea. Kuotesha na kuvuna ni kazi inayowezwa na yeyote mwenye mikono safi na subira ya kupulizia maji asubuhi na jioni.

Kwangu mfuko unaning'inia kwa kamba ya katani kwenye boriti ya kijistoo. Dirisha nimelifunika kwa kipande cha chandarua kuzuia vijinzi vidogo vinavyotaga kwenye majani yaliyolowa. Chini nimemwaga mchanga, na kila jua linapopanda naumwagia maji ili hewa iwe na unyevunyevu. Mfuko umechanwa kwa wembe safi sehemu nne, mikato mifupi isiyozidi urefu wa kidole gumba. Kwa siku kadhaa hakuna kinachoonekana. Kisha kwenye mkato mmoja hutokea vidoti vidogo vya kijivu vilivyobanana, mfano wa vichwa vya njiti za kiberiti. Kuanzia hapo usisafiri. Kitu kilichokuwa kidoti jana, leo kina kofia, kesho kofia imekuwa mara mbili, na baada ya siku chache shungi zima limejaa kiganja.

Mamama ana adabu moja inayonifurahisha kama mwalimu: anasema anachokosa. Miguu ikirefuka na kofia kubaki ndogo, hewa haitoshi, kwa maana utando unapumua na kutoa hewa ukaa kama sisi, na chumba kilichofungwa kinausonga. Kingo za kofia zikikauka, kupasuka na kugeuka njano, hewa ni kavu. Vidoti vikiwa vya kahawia na kulegea, umevimwagia maji badala ya kuvipulizia. Nilipowaonyesha wanafunzi shungi lenye miguu mirefu kupita kiasi na kuwauliza linataka nini, mtoto wa nyuma kabisa alijibu: "Mwalimu, lifungulie dirisha." Tulilifungulia, na mkupuo uliofuata, yaani mavuno mengine ya mfuko huohuo, ulikuja na kofia pana.

Kuvuna nako kuna wakati wake. Kofia inapokuwa pana na ukingo wake bado umejikunja kidogo kwenda chini, shika shungi zima chini kabisa, lizungushe, litoke. Usikate nusu ukaacha visiki vioze kwenye mfuko. Ukichelewa, kingo hunyooka na kupinda juu, na asubuhi utakuta unga mweupe umetanda juu ya mfuko na kitu chochote kilicho chini yake. Unga huo ni mbegu za asili za uyoga, na watu wengine huukohoa, hasa mwenye pumu. Kwa sababu hiyo mfuko hauwekwi chumba cha kulala, wala hausogezwi karibu na kitanda cha mtoto, hata kama chumba ni kimoja. Ukikosa stoo, tafuta kona ya uani yenye kivuli au ukuta wa nyuma usiopigwa jua. Na dawa ya mbu isipuliziwe karibu na mfuko, maana kinachoota pale kinakwenda mdomoni.

Baada ya mavuno ya kwanza mfuko hupumzika, kisha hutoa tena wiki moja au mbili baadaye, na tena, kila mkupuo ukiwa mdogo kuliko uliotangulia. Mkupuo wa kwanza na wa pili ndiyo yenye maana. Wa tatu ni nyongeza. Ukifika hapo mfuko umekuwa mwepesi, majani yamegeuka laini, na kilichobaki ni mbolea nzuri ya kuchanganya na udongo wa mchicha kwenye ndoo iliyopasuka. Wenye mbuzi au ng'ombe huwalisha, mradi hayana ukungu.

Mama mwenye nyumba yangu, alipouona mfuko mara ya kwanza, aliniuliza maswali mawili ambayo naamini wasomaji wengi wanayo. La kwanza: "Mwalimu, hicho kitu hakitaota kwenye kuta zangu?" Nilimjibu: "Hapana, mama. Huu unakula mabaki ya mimea. Saruji na matofali haviuhusu. Nitakachokuangalizia ni unyevu usipige mbao za dari." La pili alilisema kwa sauti ya chini zaidi: "Na hauui?"

Swali la pili linastahili heshima. Tanzania ina maeneo ambayo uyoga wa porini ni chakula cha kizazi hadi kizazi. Mvua za kwanza zikishanyesha kwenye misitu ya miombo, kina mama wa Iringa, Mbeya na Tabora hupanga ndoo na masinia ya uyoga kando ya barabara, na wanaujua kwa jina, kwa mti unaoota karibu nao na kwa wakati wa kutokea. Watafiti Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland, pamoja na Leonard Mwasumbi wa Tanzania, walitoa kitabu kizima kuhusu uyoga wa Tanzania mwaka 2003, na sehemu kubwa ya maarifa yaliyomo ni ya wanakijiji hao. Sisi tuliokulia mijini hatukurithi maarifa hayo. Tumerithi woga wake tu, na woga huo ni wa busara: zipo aina ambazo sumu yake haitoki kwa kuchemsha, dalili zake hukawia saa 6 na zaidi, na mtu anapoanza kutapika ini limekwisha kuguswa. Mbinu za kutupia kitunguu au sarafu ya fedha kwenye sufuria ili kupima sumu hazipimi chochote.

Sasa ubora wa mfuko uko hapo. Unajua nini kilipandwa, na unakiona kikiota mbele ya macho yako. Mjini, anayetaka uyoga na hana bibi wa kumfundisha porini, mfuko ndio njia salama. Sharti ni moja: kula kile tu kilichopandwa. Wakati mwingine kwenye majani ya mpunga hujitokeza uyoga mwingine mwembamba, miguu myepesi, kofia ndogo inayogeuka nyeusi na kuyeyuka ndani ya siku moja. Huo ni mgeni. Ung'oe, utupe, usijaribu kuuonja. Mama mwenye nyumba alikuja kuonja mamama wa kwanza kwenye mchuzi wa karanga. Sasa anauliza mkupuo unaofuata ni lini.

Baada ya usalama tuje kwenye hesabu, maana ndipo watu wanapoumizwa. Chukua mfuko wa kilo 2 uliotengenezwa kwa majani ya mpunga. Theluthi mbili hivi ya uzito huo ni maji. Majani makavu yaliyomo ni gramu 600 hadi 700. Mkulima mzuri, mwenye mbegu nzuri na banda zuri, akipata uyoga mbichi wenye uzito sawa na majani makavu aliyopakia, anajipongeza. Anayeanza nyumbani akipata nusu yake, amefanya vizuri. Kwa hiyo mfuko wa kilo 2 utakupa gramu 300, ukibahatika 600 au kidogo zaidi, na hizo ni za mikupuo yote kwa pamoja. Kwa familia ya watu wanne ni mboga ya milo miwili au mitatu. Mtu akikuambia mfuko huohuo utakupa kilo 3, muulize hizo kilo zitatoka kwenye majani gani.

Hesabu hii inatosha kumlinda mtu. Gawanya bei ya mfuko kwa uzito unaoutarajia, kisha linganisha na bei ya uyoga sokoni kwako. Kwa mboga ya nyumbani hesabu inaweza kukubali, maana hujalipa nauli, hujapoteza nusu ya fungu kwa kuoza, na umekula kitu kilichovunwa dakika chache kabla ya kuingia sufuriani. Kwa biashara, hesabu hiyohiyo inataka mamia ya mifuko, chumba maalumu, maji ya uhakika na mnunuzi anayejulikana kwa sura. Hayo ni maisha mawili tofauti, na kuyachanganya ndiko kulikomtia hasara jirani yangu.

Jirani huyo ni dereva wa bodaboda. Alilipa kiingilio cha semina, akanunua mbegu nyingi kwa mkupuo mmoja, akajenga banda la maturubai kwenye kiwanja cha ndugu yake, na akaahidiwa kwamba walewale waliomfundisha watanunua kila kilo. Uyoga uliota, na nilikwenda kuuona: mashungi meupe kutoka ukuta hadi ukuta. Mnunuzi hakuja, na simu yake ikawa haipatikani. Mamama aliyekwisha kuvunwa hasubiri kesi. Kwenye joto letu, siku moja au mbili akiwa nje ya jokofu ameanza kulegea na kutoa maji. Jirani alizunguka sokoni na beseni, akauza kidogo kwa bei ya kutupa, kingine akaanika. Kuanika nako kuna hesabu yake: kilo 10 mbichi hubaki kilo 1 tu, kwa sababu sehemu tisa kati ya kumi za uyoga ni maji. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa kilichotembezwa kwa nguvu ni semina. Uyoga wa jirani ulikuwa mzuri, ila hapakuwa na mnunuzi aliyetafutwa kabla haujaota.

Ahadi nyingine inayonikera ni ile ya kwamba uyoga una protini kuliko nyama. Namba hiyo inapatikana kwa ujanja: wanachukua uyoga uliokaushwa kabisa, ambao robo hivi ya uzito wake ni protini, wanaulinganisha na nyama mbichi iliyojaa maji. Weka vyote vibichi mezani. Gramu 100 za mamama zina protini kama gramu 3. Gramu 100 za nyama ya ng'ombe zina kama gramu 20. Dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na maharage makavu hayako mbali na robo. Mama anayemwachisha mtoto ziwa akiamini uyoga unachukua nafasi ya maharage na dagaa, amedanganywa kwenye jambo la uhai. Uyoga una sifa zake za kweli na zinatosha: mafuta machache, nyuzinyuzi, madini ya potasiamu, vitamini za kundi B, na ukiuanika juani kabla ya kupika hujitengenezea vitamini D. Una pia ladha nzito inayofanya mchuzi usio na nyama uliwe mpaka ufutwe. Tuuseme kwa hayo.

Kuupika si kazi. Sioshi kwa kuloweka, naufuta tu au kuumwagia maji upesi. Naurarua kwa vidole kufuata nyuzi zake, naweka kwenye kikaango kikavu chenye moto mpaka maji yake yatoke na kukauka, ndipo naongeza mafuta, kitunguu na chumvi. Baada ya hapo kila mtu na kwao: aliyetoka pwani ataweka tui la nazi na pilipili mbuzi, wa bara ataweka karanga zilizosagwa. Kwa ugali wa jioni, hakuna mtoto wangu anayeuliza nyama iko wapi.

Kama mfuko ni mboga ya mpangaji, basi biashara iko wapi? Iko kwa anayetengeneza mifuko. Rwanda wamelifanya hilo likaeleweka. Mifuko iliyokwisha kupandwa huko huitwa imigina, hutengenezwa mahali pamoja na watu wenye vifaa, na mkulima mdogo au familia ya mjini huinunua ikiwa tayari, huiotesha na kula au kuuza kidogo. Aliye na pipa anapika majani, asiye na pipa anavuna. Kila mmoja anafanya sehemu anayoiweza, na hasara ya ukungu inabaki kwa mtu mwenye ujuzi wa kuizuia.

Morogoro tungeweza kuwa mfano wa jambo hili. Mpunga unavunwa Dakawa na bonde la Kilombero, na baada ya mavuno majani mengi huchomwa moto palepale. Mkonge tunao Kilosa, zao ambalo nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani na kilichobaki ni taka, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekwisha kuonyesha kwamba mamama huota kwenye taka hizo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko hapahapa mjini. Tuna majani, tuna wasomi, tuna wapangaji wasio na shamba. Kinachokosekana ni kundi dogo la vijana lenye pipa, sehemu safi na nidhamu ya kuuza mfuko uliokamilika, kwa bei ya mboga na maelezo ya kweli. Jirani yangu wa bodaboda angefanikiwa zaidi akiuza mifuko mitano mitano kwa wapangaji wa Kihonda anaowabeba kila siku, kuliko kumsubiri mnunuzi wa mjini asiyemjua.

Maelezo ya kweli nataka yaandikwe kwenye mfuko wenyewe. Muuzaji aandike mambo matano: aina ya uyoga, tarehe mbegu ilipopandwa, uzito wa mfuko, kiasi cha uyoga mnunuzi anachoweza kutarajia, na namba ya simu inayopokelewa. Tarehe ni muhimu kuliko zote. Mfuko uliokaa dukani kwenye joto kwa wiki nyingi huanza kuota ndani ya nailoni, hujimaliza chakula, na mnunuzi hupata mabaki. Aina nayo ni muhimu kwa sababu ya hali ya hewa. Mamama wa kijivu na mweupe hupenda ubaridi wa wastani, nyuzi joto 20 hadi 28, kwa hiyo Lushoto, Mbeya na Arusha hawapati taabu. Dar es Salaam mwezi Januari mtu atahitaji magunia yaliyolowa na kivuli kizito, au aina ya waridi inayostahimili joto zaidi. Muuzaji anayejua kazi yake atakuambia hilo kabla hujatoa fedha.

Maafisa ugani wa kata nao wana nafasi. Mjini wanaonekana zaidi kwa wafuga kuku, ilhali mpangaji anayetaka mboga kwenye kona ya ua hana wa kumuuliza kama doa la kijani kwenye mfuko wake ni hatari. Jibu ni fupi: doa dogo, kata pale na upake chumvi, kisha tenga mfuko; doa kubwa, toa mfuko nje ya nyumba kabla haujaambukiza mingine. Sentensi hiyo moja ingeokoa mifuko mingi, lakini inasemwa na wauzaji wa semina kwa kiingilio.

Na shule. Darasani tunawafundisha watoto kwamba fangasi si mmea wala mnyama, wanaandika, wanafaulu, na hawajawahi kumwona akila. Mfuko mmoja ukiwekwa nyuma ya darasa unafundisha mengi kuliko ubao wangu: utando unavyovunja mabua magumu yanayompa taabu hata ng'ombe mwenyewe, unyevu unavyogeuka chakula, hewa chafu inavyodumaza kiumbe. Nikiwaambia kwamba utando wa mamama huweza hata kuwapooza na kuwala minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, darasa zima hunyamaza kusikiliza. Watoto hao hurudi nyumbani na kumsumbua mzazi anunue mfuko, na mzazi akikubali, jioni moja ya wiki mboga itatoka nyumbani.

Kwako msomaji uliyepanga, nakusihi ufanye hivi. Nunua mfuko mmoja au miwili, kutoka kwa mtu unayeweza kurudi kwake. Kabla ya kulipa, utazame: uwe mweupe pande zote, mgumu ukiubonyeza, na ukiunusa utoe harufu ya uyoga mbichi. Ukiwa na madoa ya kijani au harufu ya uchachu, urudishe. Utunze, uvune, ule na watu wako. Ukipenda, ongeza miwili. Na atakayekuja kukuuzia utajiri wa uyoga, mwambie akuonyeshe kwanza mnunuzi wake kwa jina na mahali alipo, kisha akae chini apige nawe hesabu ya majani makavu. Akishindwa mawili hayo, baki na fedha zako na mboga yako.